Seneta wa Benchi la Pili

Ulderico Mancinelli alikuwa seneta kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, nikishamfunga toga, lile vazi refu la Warumi wa kale, mpaka saa kumi na moja jioni, nikishamvua. Saa zilizobaki alikuwa fundi vigae mstaafu mwenye magoti mabovu, anayekaa mtaa wa Quadraro hapa Roma, ghorofa ya tatu, mlango unaotazamana na wangu. Naanza na hilo kwa sababu mwenyewe alikuwa na tabia ya kulisahau.

Maseneta siwapendi. Nimewavalisha miaka kumi na tisa na ninawajua mpaka kwapa. Chukua karani wa posta aliyestaafu, mzungushie mita tano za sufu, mshonee utepe mwekundu pembeni, na kabla ya saa nne utamsikia anamtuma kahawa mwenzake aliyevikwa gunia la utumwa, mtu ambaye asubuhi ile ile walikuja naye basi moja. Chakula cha mchana ndiyo usiseme. Maseneta hupanga foleni mbele, kisha askari, kisha watumwa na wale wa kujaza soko. Sababu ni moja tu: toga ni nyeupe na mchuzi wa tambi ni mwekundu, nami nahitaji nusu saa ya kufuta madoa kabla kamera haijarudi kazini. Ni suala la nyanya. Lakini wao walilipokea kama haki waliyozaliwa nayo, na Ulderico alikuwa mbaya kuliko wote. Kikasha chake cha chakula alikipokea kwa vidole viwili, bila kumtazama anayempa.

"Bi Iride," aliniambia siku moja namfuta kidevu, "hawa watumwa wa mwaka huu hawana adabu kabisa."

"Yule uliyemsukuma ni mwalimu wa hesabu," nikamwambia. "Funga mdomo nikufute."

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya televisheni, vipindi kumi, juu ya mkubwa mmoja wa Roma ya kale anayetaka ufalme, na marafiki zake wanaomchoma visu. Mwongozaji alitoka nje, na huyo mkubwa aliigizwa na kijana wa nje mwenye nywele za njano, sisi tukimwita Mahindi. Hekalu lilikuwa la plasta. Nguzo za marumaru zilikuwa za plastiki, ukiegemea moja inakukimbia. Waandishi walikuwa watano, na naapa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusalitiwa, maana wasaliti wao walikunja nyuso na kunong'ona nyuma ya mapazia kipindi kizima kabla ya kutenda. Usaliti haufanyiki hivyo. Wa kweli niliuona pale pale kiwanjani, mchana kweupe, na msaliti alikuwa na mkate mdomoni.

Lazima kwanza mjue habari ya kuungua. Wajazaji, ndivyo tunavyowaita watu wa kujaza picha wasiosema kitu, wanaishi kwa kutoonekana. Kamera ikikukamata uso vizuri, hata kwa sekunde tatu, uso wako umeungua. Huwezi kuwa muuza samaki kipindi cha pili halafu ukawa seneta kipindi cha tano, watazamaji watacheka. Uso ukiungua, mwenye uso anakwenda nyumbani. Kwa hiyo wazoefu wana ufundi wao: kamera ikigeuka, mmoja anakohoa kwenye kiganja, mwingine anainama kufunga kiatu, wa tatu anasogea nusu hatua kumziba mwenzake. Na kuna sheria isiyoandikwa popote, ya tangu enzi za baba zao: uso wa mwenzako ulioungua, wewe hukuuona. Mtu akinyoa ndevu na kurudi kwa jina lile lile na sura nyingine, unampa mkono kama mgeni na unamuuliza habari za kwao.

Settimio Bonanni alikuwa amenyoa ndevu. Kipindi cha pili alikuwa dalali wa watumwa sokoni, kamera ikampitia karibu na pua. Wiki tatu baadaye akarudi na kidevu kitupu, akaketi benchi la pili la maseneta ubavuni mwa Ulderico, nasi sote, wajazaji sitini na mimi na sindano yangu, tukamkaribisha kana kwamba ndiyo kwanza tunamwona. Huyu Settimio na Ulderico walikuwa wametandika vigae pamoja maisha yao yote, mmoja akikoroga saruji, mwingine akipiga magoti. Ni Settimio aliyemleta mwenzake kwenye picha, kazi ya ujenzi ilipowashinda.

Na ni Settimio aliyekuwa akimsimulia Velia. Velia ni mke wa Ulderico. Kisukari kilimpokonya macho miaka minane iliyopita. Jumapili mchana, televisheni ikirudia moja ya picha ambazo mumewe amejazia, Settimio alikaa kando yake akawa macho yake: "Huyo hapo, Velia, nyuma ya farasi. Anajikuna. Haya, sasa kachomwa mkuki. Mama wee, kafa vibaya, kaangukia mkono." Velia alikuwa akicheka hadi anashika mbavu. Lakini majira ya baridi yale, tukichambua mboga jikoni kwake, alisema jambo jingine.

"Uso wake umeanza kunitoka, Iride. Najaribu kuushika, haushikiki. Nimebaki na sauti tu. Na huko kwenye televisheni, miaka yote hiyo, hajafungua mdomo hata siku moja!"

Alisema kwa mzaha. Ulderico alikuwa amesimama mlangoni na koti lake, akasikia. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja duniani, sentensi moja. Aseme mbele ya kamera, mkewe amsikie.

Angekuwa mtu mwingine ningemhurumia. Lakini yeye shida yake hakumwambia mtu. Aliichanganya na kile kiburi chake, akaanza kusimama mbele kila kamera inapogeuka, anapanua kifua, anawaziba wenzake badala ya kuwaficha. Huna uso wa maana, bwana, una uso wa sufuria, nilitaka kumwambia. Sikumwambia kwa heshima ya Velia.

Bahati ilikuja wiki ya kipindi cha tano. Mwongozaji aliamua kwamba Mahindi akiletewa taji mbele ya baraza, seneta mmoja wa benchi la pili asimame apige kelele, "Roma haina mfalme!", kisha askari wamburute nje. Msaidizi wake, binti anayeitwa Ginevra, alikuja wakati wa chakula akapita mbele ya meza akiwaangalia wazee kama anachagua matikiti. Akasimama kwa Settimio.

"Wewe mzee. Una uso wa kwenye sarafu. Unaweza kusema sentensi moja kwa Kiingereza?"

"Naweza hata mbili," Settimio akasema, "ila moja ni tusi."

Ginevra akacheka, akaandika. "Kesho kutwa, basi. Na nywele usiziguse."

Ginevra hajafika hata kwenye meza ya kahawa, Ulderico akainuka, kitambaa cha kulia bado shingoni, mkate shavuni, akamfuata. Mimi nilikuwa nyuma yake na kitambaa changu cha maji. Nilisikia neno kwa neno.

"Samahani, binti. Sitaki kuingilia kazi za watu. Lakini yule mliyemchagua, si ndiye dalali wa kipindi cha pili? Msije mkaharibikiwa. Nasema kwa faida yenu tu."

Kwa faida yenu tu. Na huku anatafuna.

Ginevra akafungua jalada lake la picha, akashusha kidole, akakuta. Dakika tano baadaye akaja Brizio, mnyapara wa wajazaji, uso umemwiva, akamshika Settimio toga begani mbele ya watu wote. Sentensi ilikwenda, siku zote za baraza zilizobaki zikaenda, na jina lake likafutwa kwenye orodha mpaka mwaka uishe.

"Nani kasema?" Settimio aliuliza.

Watumwa na askari na maseneta, wote walikuwa wanamtazama mtu mmoja. Settimio akafuata macho yao. Ulderico alikuwa anachambua ganda la chungwa kwa umakini ambao hata vigae hakuwahi kuvipa.

Nilimvua Settimio toga mimi mwenyewe. Aliinua mikono, akasema, "Taratibu, Iride, usichane. Kuna mtu ataihitaji." Na sentensi akapewa nani? Ulderico, bila shaka, kwa sababu alikuwa amesimama pale pale karibu na Ginevra, na Ginevra alikuwa na haraka.

Siku mbili aliifanyia mazoezi ndani ya lori langu la mavazi, katikati ya toga zilizotundikwa. Nyumbani hakutaka, alitaka Velia ashtukie. Alimwambia tu kwamba atasema, hakumwambia atasema nini.

"Nilikuwa nyuma yako na kitambaa," nikamwambia. "Nilisikia yote."

"Bi Iride, ile ni kazi. Sheria ni sheria."

"Sheria ya nani? Wewe mwenyewe mwaka juzi ulikufa mara mbili katika kipindi kimoja. Nani alikuziba? Si Settimio?"

"Ni kwa ajili ya Velia."

"Usimtie Velia humo. Velia hakukutuma, mchongezi wewe."

"Nishikie karatasi," akasema.

Nikamshikia. Sina cha kujitetea. Alikuwa akiyatamka yale maneno ya Kiingereza kama mtu anayetafuna changarawe, nami nikamsahihisha.

Siku yenyewe alisimama akapiga kelele mara kumi na moja, kwa sababu Mahindi alikuwa anasahau maneno yake. Mara ya kumi na mbili ikakubali. Wenzake hawakumpiga wala kumtukana. Lakini wale askari wawili wa kumtoa nje nao ni wajazaji, na walimburuta kwelikweli, magoti yale mabovu yakigonga ngazi moja baada ya nyingine mpaka chini. Mwongozaji akaruka kwa furaha. Alisema hajawahi kuona uigizaji wa asili namna ile, akawapa mikono askari. Jioni ile ile Ulderico naye akarudishwa nyumbani. Uso wake sasa ulikuwa umeungua kuliko wa mtu yeyote, akaondoka akichechemea na hakuna aliyemuaga.

Kikaja kipindi cha kungojea simu. Picha za namna ile, zikishapigwa kwa lugha ya nje, huku kwetu huingizwa sauti za Kiitaliano na watu wengine, chumbani, gizani. Imekuwa hivyo tangu niko msichana, na Ulderico alilijua hilo vizuri. Ila alishajiaminisha kwamba yeye watamwita, na ndivyo alivyosema: wataniita.

"Mimi Mroma, nasema Kiitaliano changu," alinieleza ngazini. "Wamtafute mwingine wa nini?"

Akaanza kulamba asali kila asubuhi. Akaacha kugombana na majirani ili asichoshe koo, jengo letu likapata amani kwa mara ya kwanza. Simu aliingia nayo hadi chooni. Mzee mzima, jamani! Mtu aliyemuuza rafiki yake kwa sentensi moja sasa anaibembeleza sentensi yenyewe kama mtoto mgonjwa.

Mwezi Mei alikwenda kumtafuta Settimio kwenye uwanja wa nyuma ya kanisa, wazee wanakocheza mchezo wa kurusha matufe. Nilikuwepo, nimekaa na ufumaji wangu, na nilidhani anakwenda kuomba radhi. Mjinga mimi.

"Settimio."

"Sogea," Settimio akasema, "unanizibia tufe."

Akasogea. "Mkweo si yuko kule wanakoingiza sauti? Hajasikia wataanza kuita lini?"

Settimio akarusha tufe lake, akalitazama mpaka likasimama. Ndipo akageuka. "Walishamaliza, Ulde. Vipindi vyote kumi. Wiki iliyopita."

"Haiwezekani. Mimi hawajaniita."

"Hawakuiti. Wakuite wewe kama nani? Sauti zetu nani anazitaka? Wana kijana wao, kwa asubuhi moja anatoa sauti za wazee sita na farasi."

"Una wivu," Ulderico akasema. "Wivu umekujaa mpaka kwenye kope."

"Wivu wa nini? Mimi nilitaka siku za kazi tu, nikae kwenye lile benchi nisinzie." Settimio akalifuta tufe lake kwa leso. "Velia aliniambia lile jambo la sauti, na mimi aliniambia. Siku ile nilikuwa nasubiri tumalize matunda nimwendee yule binti nimwambie akupe wewe. Ungenitazama tu usoni, Ulde, ningekupa."

Ulderico alisimama pale na mikono imemning'inia. Nikasema moyoni, sasa ataanguka, sasa ataomba. Akavuta suruali juu, akasema, "Maneno ni rahisi," akaondoka. Na nyumbani akamwambia Velia kwamba kila kitu kiko tayari, kwamba kwa vile sentensi yake ni fupi, huenda wakaiacha na sauti ile ile ya kiwanjani. Mtu akiamua kujidanganya hakosi vifaa.

Kipindi cha tano kilionyeshwa Jumapili mchana, naye aliita watu. Alikuwepo binti yake Ersilia na mumewe, jirani wa chini na mkewe, na mimi. Kulikuwa na tambi kwa mchuzi wa mkia wa ng'ombe, mwanakondoo wa kuchoma, divai ya vilimani. Ulderico alivaa tai. Nilimwosha Velia nywele mwenyewe asubuhi na kumbana pini, akawekwa kiti cha mbele kabisa, mikono magotini.

"Settimio mbona haji?" aliuliza.

"Mgongo unamuuma," Ulderico akasema.

"Basi hakuna wa kunisimulia. Si kitu. Leo nitasikia mwenyewe. Mtu asiongee!"

Mahindi akaingia barazani na nywele zake, taji likaletwa juu ya mto. Nilijua kinachofuata, nikaangalia sahani yangu, halafu nikashindwa, nikainua macho. Benchi la pili, Ulderico akasimama. Alijaa kioo kizima, uso wote, kila kinyweleo, na sitaki kusema lakini alikuwa na kitu usoni siku ile, hasira ya kweli au hofu ya kweli. Akafungua kinywa. Ikatoka sauti ya kijana aliyeshiba, laini, ya mtu anayetangaza sabuni: "Roma haina mfalme!" Sekunde mbili. Kisha askari, kisha ngazi.

Ersilia alikuwa ameshainua mikono apige makofi. Akaishusha pole pole mezani.

Velia hakutikisika. Aliinamisha kichwa kidogo kuelekea kwenye televisheni, kama mtu anayesikiliza hatua ngazini. Mahindi akaanza hotuba ndefu ya kukataa taji huku analitaka. "Nyamazeni," Velia akasema, ingawa tulikuwa kimya kama wafu. "Asije akanipita."

Tukakaa. Nusu saa nzima tulikaa, mchuzi ukaganda kwenye sahani, na hakuna aliyethubutu kugusa uma. Kwenye televisheni walikula njama, wakanoa visu, wakalala na wake za wenzao, na Velia akaisikiliza kila sauti ya kiume iliyoingia, akiipima na kuiacha. Mpaka muziki wa mwisho ukapiga.

"Ulde?"

"Nipo."

"Mbona hukusema?"

Ulderico akatutazama mmoja mmoja. Kama ni sifa, alikuwa nazo pale mezani: sote tulimwona, uso wake ulikuwa umeijaza sebule. Angeweza kusema, nilikuwa mimi, kinywa kilikuwa changu. Jasho lilimshuka kwenye tai.

"Wamenikata, Velia," akasema.

"Wamekukata?"

"Yote. Nadhani kipindi kilikuwa kirefu."

Mume wa Ersilia, kichwa maji yule, akafungua mdomo. Nilimpiga teke chini ya meza mpaka kiatu kikanitoka. Na mimi, niliyemdharau mtu huyu kwa miaka kumi na tisa na ninayemdharau hadi leo, nikasema kwa sauti, "Washenzi wakubwa! Nilikuwepo, Velia, nilimsikia. Alisema vizuri sana, na wamemkata." Sijui kwa nini nilisema.

Velia akanyoosha mkono hewani, akapapasa, akaupata mkono wa shati la mumewe, akaushika.

"Washenzi kweli," akasema. "Basi wewe niambie hapa. Wao wakatae, mimi nisikie. Ulitakiwa useme nini?"

Na hapo ndipo alipokwama. Alikuwa nayo. Alikuwa nayo kwa Kiitaliano na kwa Kiingereza, aliilalia na kuiamkia, alimuuza Settimio kwa ajili yake. Lakini Velia alikuwa ametoka kuisikia sasa hivi, kwa sauti ya mtu mwingine. Angeitamka tu, Velia angejua kwamba mumewe amempita mbele ya uso na yeye hakumtambua.

"Sema, Ulde. Neno moja tu."

"Nimesahau," Ulderico akasema. Akautoa mkono wake taratibu, akainuka, akaanza kukusanya sahani.